Kibofu cha Chura

Alikuwa akikohoa kabla hajaingia. Kikohozi kikavu, cha mtu asiye na kifua, pale ukumbini penye mlango, ili nijitande kanga au nipishe njia niingie jikoni. Wakwe wa siku hizi wanaingia tu kama mbuzi. Huyu wangu, miaka yote aliyokaa nyumbani mwangu, hakunikuta kichwa wazi hata siku moja. Nataka hilo lijulikane mwanzo, kwa sababu mengi nitakayoyasema si mazuri, na mie sipendi kumsema mtu nikamfichia la kheri yake.

Gando nzima, kijiji chetu hiki cha Pemba, ilimwita Mwalimu, nami nilimwita Mwalimu. Jina lake nalijua na sina haja nalo. Kwao ni Madungu, Chake Chake. Watu wake hawamo katika maneno haya. Alikuja kusomesha sayansi skuli yetu, akamwona Riziki, mwanangu wa mwisho, akaposa kwa adabu, tukamwoza. Nyumba ya mwalimu aliyopewa ilikuwa inavuja kama chekecheo, basi akahamia kwangu. Watu walicheka. Huku mwanamme humchukua mkewe akenda naye. Anayekwenda kulala ukweni huambiwa kaolewa yeye. Hakujali. Alicheka nao.

Sasa, asiyejua ukwe wa kwetu hatanielewa, kwa hivyo naueleza. Mkwe na mama mkwe hawali sinia moja wala hawakai jamvi moja. Hawatazamani usoni. Na neno zito halitoki kwa mmoja likafika kwa mwenziwe ila kwa kupitia mtu wa tatu. Mtu wetu wa tatu alikuwa Riziki. Nitamwambia mwanangu, "Mwambie Mwalimu kuku wameingia chumbani kwake," na Mwalimu yupo pale pale, mkono wake ungenifika. Naye atasema, "Mwambie Mama nimesikia." Riziki alikuwa anatutazama tu huku na huku, mwisho anacheka. Tuliishi hivyo, na tuliishi vizuri. Heshima ile niliipenda. Leo nikiifikiria inanikaa kooni kama mwiba.

Chumba chao kilikuwa na kitanda na chandarua, na ukuta mzima wa chupa. Chupa za jemu, za dawa, za mafuta ya nywele, na ndani ya kila chupa kitu cheupe kimejikunja. Minyoo. Wengine wembamba kama uzi wa kushonea kofia, wengine bapa kama mbegu ya tikiti. Aliwatoa katika matumbo ya samaki na vyura. Mwenyewe aliwaita vimelea, na yule mnyama wanayekaa ndani yake alimwita mwenyeji. Sinia langu la kuchagulia mchele aliligeuza nyuma likawa meza yake ya kupasulia, na sikulitia tena mchele. Alitumia wembe. Miwani yake, mkono mmoja ulikuwa umevunjika, ameufunga kwa mshipi wa kuvulia. Akiinama juu ya lile sinia usingemwita akasikia, ungegonga hata debe. Lakini adhana akiisikia. Ataosha mikono mpaka viwikoni, ataisugua kwa majivu, atatia udhu, huyoo.

Alikuwa na maneno yake. Alipenda kusema mdudu mwenye busara hamwui mwenyeji wake, kwani atalala wapi. Na lingine, ambalo nililisikia mara nyingi kuliko nilivyotaka: "Aliye hai huficha. Aliyekufa ndiye mkweli." Maana yake, samaki akiwa mzima utamwona anang'aa, macho mazuri, na tumboni ameliwa nusu, mpaka umpasue. Watu walitikisa vichwa wakaona hekima. Hata mie niliona hekima.

Samaki aliletewa na Faki. Faki ni jirani yangu, mvuvi, mtu wa mdomo. Wao huvua nje ya mwamba, pale mshipi unapokwisha na chini hakujafikiwa. Huko hutoka samaki weusi, macho kama vifuniko vya chupa, wakipandishwa macho yanatumbuka na tumbo linawatokea mdomoni. Wengine wana mafuta, ukiwala unashinda chooni. Hawana bei, basi Faki alikuwa anawatupa, mpaka alipokuja Mwalimu. Akawa anawaleta wamefungwa katika jani la mgomba, anawaweka barazani kama mtu anayeleta posa. "Mwalimu, mchumba wako huyu." Siku moja alileta mmoja ambaye ubavuni ana kitu kimening'inia, kama kamba yenye vifundo viwili. Mwalimu alikivuta taratibu, hakikutoka. Kichwa chake kilikuwa kimezama ndani ya nyama na kimeota mizizi. Alifurahi siku ile kama kapata mtoto.

Jioni yake, barazani, akawahadithia wanaume waliokaa naye habari ya samaki wengine wa kilindini, aliowasoma tu vitabuni, hakupata kuwaona. Huko chini ni giza tupu, dume na jike hawakutani ovyo. Basi dume, dogo kama kidole, likimpata jike linamuuma ubavuni na haliachi tena. Midomo inaungana na ngozi ya jike, damu inakuwa moja, macho ya dume yanapotea, matumbo yanapotea, linabaki pale maisha, linalishwa. Mie nilikuwa jikoni napika, nasikia kupitia dirishani.

Faki akasema, "Kumbe huyo ni weye, Mwalimu. Umekuja kutoka Chake umeiuma Gando, hutoki."

Baraza zima lilianguka kwa kicheko, na aliyecheka zaidi ni yeye mwenyewe. Alivua miwani akafuta machozi.

Lakini nisidhulumu. Hakuwa mnyonyaji. Angekuwa mnyonyaji ningejua la kumfanya, nimewaona wengi. Sukari na mchele vilikuwa havijakatika, kashaleta. Alichota maji, jambo ambalo wanaume wa hapa hata wakiwa na kiu hawalifanyi. Jeneza likitoka, bega lake ni la mwanzo. Mguu wangu ulipovimba alikuwa akituma kwa Riziki, kila akirudi skuli, kuniuliza kama nimekunywa dawa. Akatuma pia kuniuliza umevimba upande gani na ukibonyezwa unabaki shimo au haubaki. Kwangu mie aliuliza.

Vyura ndio waliomletea maneno. Watu walianza kunong'ona kuwa nyumbani kwa Bibi fulani, yaani kwangu, kuna ulevi chupani, kwa sababu ya ile spiriti aliyowahifadhia minyoo. Hilo likapita. Kisha Shehe wa msikiti wetu akaja mwenyewe, akakaa barazani, akamwambia kwa upole kuwa chura amekatazwa kuuawa, Mtume amekataza, na mwalimu wa watoto wa Kiislamu hafai kuonekana anawachinja. Shehe alikuwa mtu wa haki, hasemi uongo na hasemi la ziada. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akambusu mkono, akasema tangu siku hiyo hataua chura. Na hakuua. Alitimiza.

Ila hakuacha kuwataka. Akawa anataka waliokufa wenyewe. Na vyura waliokufa wapi utawaona? Barabarani wamekauka, hawamfai. Anawataka wabichi. Hao wapo bondeni, katika mpunga, na zaidi katika kile kidimbwi ambapo kijito kinajikusanya, wanaelea tumbo juu. Bondeni ni mahali pa wanawake. Tunalima, tunapanda, tunapalilia, tunafua, tunarudi. Basi kazi ya kuokota ikawa ya Riziki. Akimaliza kupalilia, wenziwe wanapanda juu kivulini, yeye anaingia kidimbwini na kopo, jua limesimama kichwani, maji ya magoti, mara ya kiuno, anatafuta vyura wa mumewe. Alipenda. Nisiseme alilazimishwa. Akirudi na kopo lina watatu alikuwa anatembea kama ana dhahabu.

Mdudu aliyekuwa akimtafuta zaidi anakaa ndani ya kibofu cha mkojo cha chura. Hili alituhadithia mara nyingi, yaani alimhadithia Riziki ili nisikie. Mdudu huyo anakaa kibofuni kimya, hazai, hafanyi kitu. Anangoja. Siku chura anayoingia majini kutaga, na yeye ndiyo siku anayozaa, watoto wake wapate kuwaingia watoto wa chura. Mwalimu akisema, "Vipi anajua? Ndani ya kibofu, gizani, vipi anajua kuwa siku ya mwenyeji wake imefika?" Na sauti yake inakuwa ya mtu anayesoma Kurani.

Yeye akishuka bondeni, mara mojamoja, alivaa mabuti ya mpira. Yalikuwa mabuti mazuri, meusi, yanafika magotini. Riziki akiyaosha na kuyaanika.

Na huyu huyu, skuli, ndiye aliyesomesha habari ya kichocho. Watoto wa mtaani wananisomea mpaka leo walivyofundishwa naye: mdudu anatoka kwa konokono, anaogelea, anaingia mwilini kwa ngozi, anakwenda kukaa karibu na kibofu, mtu anakojoa damu, msiogelee kidimbwini. Watu wa afya wakija na vidonge, Mwalimu ndiye aliyewapanga watoto penye ule ufito wenye alama, wanapimwa kimo, kila kimo na vidonge vyake. Aliwashika videvu mmoja mmoja kuhakikisha wamemeza. Kisha anavua shati la skuli, anakuja nyumbani, anamkuta mkewe katoka kidimbwini, nguo imemganda miguuni, na kopo mkononi. Anachungulia kopo.

Mimba za Riziki hazikukaa. Moja, kisha nyingine. Halafu hata hizo zikaacha kuja. Akakonda. Nilimpa dawa za kwetu, nikamsomea, nikamuuliza ana nini, akasema hana kitu Mama, ni kazi ya bonde. Mwanamke aliyeolewa haji kwa mamake akaeleza ya chooni. Ndivyo tulivyowalea. Kumbe alikuwa akitoka damu na maumivu, na kitandani haguswi. Alikuwa anafua shuka alfajiri kabla mtu hajaamka. Alimficha mumewe, na mumewe aliona.

Aliona shuka. Hakuuliza.

Nyumba ikabadilika, mie naijua nyumba yangu. Kikohozi ukumbini kikawa chepesi zaidi, kama anaomba radhi. Chupa akaacha kuzigusa. Akaanza kulala barazani akisema joto. Nilitaka kumuuliza kuna nini. Lakini wa kumpitishia swali ni Riziki, na swali lenyewe ni la Riziki, nitampa vipi abebe? Naye alitaka kusema, nadhani alitaka, na wa kumpitishia ni yule yule. Tukakaa hivyo, wote watatu na adabu zetu.

Siku aliyomwacha, hakupandisha sauti. Talaka moja, ya adabu, kama alivyoposa. Riziki aliuliza kosa lake. Akamwambia hana la kusema, Mungu awasitiri wote wawili. Akafunga chupa zake katika makasha, akasimama ukumbini akakohoa ingawa mie nilikuwa nimeshamwona, akasema kwa ukuta, "Mama, nisamehe." Nikamwambia Riziki, "Mwambie nimesikia." Akenda zake. Akahamia skuli ya upande wa Konde.

Riziki alifunguka mdomo baada ya mumewe kuondoka. Wapo wanawake hivyo. Alizidiwa mpaka akakubali kwenda hospitali. Nilikwenda naye, nimekaa ubavuni pake. Nesi alikuwa mama wa makamo, hana haya wala haraka. Hakumuuliza kwanza ana mume au hana. Alimuuliza, "Unalima mpunga bonde gani?" Riziki akalitaja. Nesi akacheka kidogo bila furaha, akasema hao wa bonde hilo anawajua. Wakapima. Kichocho, cha zamani, kimeshachimba ndani, mkojo na kizazi vyote. Akampa vidonge, vile vile, navijua kwa sura, vya watoto wa skuli. Damu ikakatika. Kizazi, nesi alisema, asimdanganye, hakitarudi.

Tunatoka, nesi akanishika mkono, akanambia maneno ambayo ndiyo yaliyonifungua macho. Alisema wanawake wengi huvunjiwa nyumba kwa ugonjwa huu, kwani mume akiona damu na maumivu huko hudhani ni maradhi ya uasherati. Mwingine hupiga. Mwingine huondoka tu.

Ndipo nilipojua. Yule mtu aliyeweza kukutajia mdudu aliyemo katika kibofu cha chura, na siku anayozaa, alilala na mkewe chandarua kimoja akamdhania malaya.

Nilidhani hapo ndipo pabaya pa mwisho. Kulikuwa na zaidi, sikujua.

Riziki bado alikuwa kijana, mzuri, mchapa kazi. Akaja mposaji, mtu wa Konde, mjane, ana watoto wake, hataki kizazi, anataka mtu wa kukaa naye. Tukafurahi. Ilivyo ada yetu, mtu akitaka kuoa mwanamke aliyeachwa hupita kwanza kwa Shehe wa mtaa, kumuuliza hali yake. Akapita. Hakurudi. Akatuma salamu kuwa mambo yamemtinga. Tukasema si riziki yake. Baada ya muda akaja mwingine, wa hapa hapa, akapita kwa Shehe, naye akapoa. Faki, ambaye hawezi kuweka kitu, alinambia alimuuliza huyu wa pili Shehe kasemaje. Shehe hakusema baya wala jema, Faki akanambia. Aliulizwa, akatazama chini, akasema, "Mtake Mungu shauri." Basi. Na mtu anayemjua Shehe anajua kuwa kama angekuwa na la kheri angelisema.

Nililala na neno lile miaka. Shehe kaona nini kwa mwanangu? Riziki alikuwa akimpelekea futari kila Ramadhani.

Shehe amekufa mwaka huu, Mungu amrehemu. Gando ilijaa, watu walitoka Wete, Konde, mpaka Chake. Riziki alikwenda msibani tangu asubuhi kupika. Mie miguu yangu haiendi tena, nilibaki nyumbani nachambua mchele. Wanaume walizika baada ya adhuhuri. Nikasikia wanarudi, viatu vinaburura. Kisha nikasikia kikohozi ukumbini.

Sikuhitaji kutazama. Nilijitanda kanga. Nikasema karibu.

Amezeeka. Kanzu ina udongo mwekundu wa makaburini mpaka magotini. Kumbe alishuka ndani ya kaburi, mpaka mwanandani, kumlaza maiti. Alisimama ubavu, uso ukutani, kama zamani. Akanipa shikamoo na pole ya msiba, nikaitikia. Kisha akasema, "Mwambie Mama..." Aligundua hapana mtu kati yetu.

"Hayupo wa kumwambia," nikasema. "Niambie mie."

"Nataka radhi ya Riziki. Nilimwacha bila ya neno."

"Kwa nini ulimwacha?"

Sijapata kumuuliza kitu kwa mdomo wangu, tangu alipoingia nyumbani mwangu. Na ukwe haufi kwa talaka; mpaka leo ni mkwe wangu, na kesho. Lakini niliuliza.

"Mama, nilimsitiri."

"Mwanangu alikuwa na kichocho, Mwalimu. Cha kidimbwini. Kapimwa, kapewa vidonge, kapona alipopona."

Aligeuka. Alinitazama usoni, macho kwa macho, na ile miwani bado imefungwa mshipi. Nilidhani atalia. Akasema, kwa sauti ile ya mbele ya sinia, ya taratibu:

"Damu ilikuwa inakuja mwanzo wa mkojo, au mwisho?"

"Hilo ni swali la kuuliza ndani ya chandarua," nikamwambia. "Ukumbini kwangu limechelewa."

Akakaa chini, pale pale sakafuni, mbele yangu, jambo ambalo mkwe hafanyi. Alikuwa akijisemea kuwa ikiwa mwisho basi ni kibofu, ni kibofu tu, mtoto wa darasa la tano angejua. Nilimwacha aseme. Sikumwonea huruma. Nilimuuliza nani mwingine alijua hicho alichokuwa akikisitiri.

"Hapana mtu, Mama. Wallahi. Shehe peke yake. Nilikwenda kumtaka shauri kabla ya talaka. Alinambia nifunge mdomo wangu, na yeye ataufunga wake."

"Aliufunga," nikasema. "Walikuja watu wawili kumtaka Riziki. Walimuuliza, akaufunga."

Hapo alielewa. Nilimwona anaelewa. Akainuka, akajipangusa udongo, haukutoka, akasema atakwenda kwa yeyote nimtakaye, hivi sasa, ataapa msikitini mbele ya watu.

"Nenda kwa Shehe," nikamwambia.

"Mama, Shehe tumetoka kumzika."

"Najua."

Hakukohoa kutoka. Gari ya Wete ilikuwa inapiga honi barabarani, inakusanya watu wa msiba, na njia ya barabarani ni ya kulia. Yeye alishika ya kushoto, ya makaburini, viatu mkononi. Gari ikaondoka.

Riziki aliingia baadaye kidogo, macho mekundu kwa moshi. Alikuja kuchukua sufuria kubwa, wageni wamezidi. Aliona udongo mwekundu sakafuni akaniuliza nani alikuwa hapa. Nikamwambia, yote, na la Shehe pia, sikupunguza. Alisikiliza amesimama, sufuria kaliegemeza kiunoni. Nilimuuliza kama hataki kukaa kitako.

"Wali wa watu bado," akasema.

Akalitia sufuria kichwani, akarudi kuwapikia watoto wa Shehe.